Opereta Hajiunganishi

Jumatatu ya kwanza baada ya kuagwa kazini, Mama Halo alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, sinia la maharagwe mapajani, akitoa mawe, Mkurugenzi wa Utawala alipopiga simu kupitia kinywani mwake.

"Halo, makao makuu," alisema Mama Halo, kwa kuwa koo lake lilitekenya na ndivyo alivyozoea kujibu simu ikiingia. "Nikuunganishe na nani?"

"Mhasibu Mkuu," kinywa chake kikajibu kwa sauti nzito ya Mkurugenzi, ambayo asubuhi ile ilikuwa na mafua kidogo.

"Subiri kidogo. Nakuunganisha."

Akaacha mdomo wazi. Sauti mbili zikazungumza kwa zamu kuhusu matairi ya gari la ofisi, ya Mkurugenzi ikitokea upande wa kushoto wa kinywa na ya Mhasibu upande wa kulia, naye akaendelea kuchambua. Walipoagana aliuliza, "Mmemaliza?" na kwa kuwa hakuna aliyejibu, akameza mate kusafisha laini na kufumba mdomo. Maharagwe yalikuwa na mawe mengi kuliko ya juma lililopita.

Hakushangaa. Mtu aliyefanya kazi serikalini maisha yake yote hashangazwi na kitu kidogo hivyo. Kilichomkera ni kwamba alikwisha kustaafu, na sherehe walimfanyia, na soda watu walikunywa, tena kuna waliokunywa mbili.

Alikuwa opereta wa simu wa serikali ya jimbo tangu enzi ambazo kumpata mkuu wa idara kwa simu kulikuwa kama kumpata mganga mzuri: lazima upitie kwa mtu. Mtu huyo alikuwa yeye. Jina lake halisi lilijulikana masijala tu. Kwingine kote, hadi sokoni, aliitwa Mama Halo. Kazi alifundishwa na bibi mmoja mkali aliyekuwa akimpiga vidole kwa rula akikosea tundu la kuchomeka waya, na bibi huyo alimwachia miiko ambayo hakuwahi kuivunja. Opereta hasikilizi. Opereta hajiunganishi: hata nyumba yake ikiungua, hachomeki waya kwa shida zake mwenyewe, bali anatoka nje kutafuta simu ya kulipia kama watu wengine. Laini ya Mkurugenzi ikiingia, nyingine zote hukatika. Na hakuna opereta anayenyanyuka kitini kabla ya kukabidhi. Anayetoka husema, "Laini ni zako." Anayeingia hujibu, "Nimezipokea." Hata kama umebanwa vipi na haja, unakaa hapo mpaka usikie neno hilo.

Mwenzake wa zamu ya jioni alipofariki, nafasi haikujazwa. Mama Halo akawa anakabidhi laini kila jioni kwa mzee mlinzi wa lango, mtumishi wa serikali kama yeye, aliyejibu "Nimezipokea" bila kuuliza ni nini, na asubuhi akamrudishia. Mambo yakaenda. Kisha wazee walinzi wakapunguzwa na lango likapewa kampuni, na vijana wa kampuni walikatazwa kupokea kitu chochote bila risiti. Hayo yalitokea juma lile lile ambalo Mama Halo alikuwa akistaafu. Siku ya kuagwa, mafundi waliung'oa mtambo wa simu ukutani kupisha mtambo mpya uliokuwa njiani. Jioni, watu walipokwisha kuondoka na mabaki ya keki, Mama Halo alisimama mbele ya ukuta wenye matundu, saa ya ukutani aliyozawadiwa kwapani, akasema, "Laini ni zako." Ukuta haukujibu. Alingoja kidogo, miguu ikamuuma, akaenda nyumbani.

Kosa lilikuwa hapo. Na hata yeye alilijua.

Ofisi ya mafao ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja iliyogeukia upande wa mafaili. Karani wa mafao alikuwa binti mpole, msafi, mwenye subira ya kumkirihisha mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kujua pensheni yangu imefikia wapi."

"Mafao hayana mambo mengi, mama," alisema karani, akilifungua faili kwa heshima. "Watu wanayaogopa bure. Uwe na ajira ya kudumu, unayo. Uwe umechangia, umechangia. Uwe umefika umri, umefika. Na utumishi wako uwe umekoma. Siku unapokoma, kesho yake pensheni inaanza. Tunachukua miezi yako yote ya kazi na mshahara wa mwisho, tunaviingiza kwenye kikokotoo, fungu moja unapewa kwa mkupuo, lingine unapokea kila mwezi mpaka Mungu akuite."

"Basi weka kwenye kikokotoo, mwanangu."

"Sasa hapa kwenye kukoma," karani akasema, "pana kasoro."

Kabla hajaieleza kasoro, koo la Mama Halo likatekenya. Akamwonyesha karani kiganja, kumwomba radhi. "Halo, makao makuu. Nikuunganishe na nani? Subiri kidogo. Nakuunganisha." Simu iliyokuwa mezani pa karani ikalia. Karani akainua mkono wa simu, na wakiwa wamekaa uso kwa uso, Mkurugenzi akamwuliza kwa kinywa cha Mama Halo kama ile orodha ya wastaafu imekwisha chapwa. Karani akajibu kwenye mkono wa simu kwamba imebaki kurasa chache, na jibu lake likatoka mara mbili, kwake na kwenye upande wa kulia wa kinywa cha Mama Halo. Wakaagana. Mama Halo akameza mate.

"Ndiyo kasoro yenyewe hiyo," karani akasema kwa upole. "Bado uko kazini."

"Niko kazini wapi? Waliniaga! Nilipewa saa ya ukutani!"

"Saa si kielelezo, mama. Kielelezo ni fomu ya makabidhiano yenye sahihi ya aliyekupokea."

"Hakuna aliyenipokea. Nafasi yenyewe mmeifuta."

"Ndiyo. Imefutwa."

"Basi kama naendelea na kazi nilipwe mshahara."

"Mshahara ulisimama siku ulipostaafu."

Mama Halo akavuta pumzi ndefu. "Kwa hiyo nimestaafu."

"Kwa upande wa mshahara, ndiyo," karani akasema. "Kwa upande wa mafao, bado." Alilisema hilo bila kejeli hata chembe, na hapo ndipo palipomchemsha Mama Halo damu, maana mtu mwenye kejeli unaweza kumjibu, lakini mtu mwema anayesoma kanuni utamfanya nini?

Akamwomba karani mwenyewe aseme neno. Ni neno moja tu, mtumishi yeyote akilisema laini zinahama. Karani akamtazama kwa huruma ya kweli. "Ningelisema, mama. Lakini mimi ni wa mkataba, wa miezi michache michache. Mtu wa mkataba akipokea kitu cha kudumu ni kosa la kinidhamu." Wengine kwenye korido, walipoombwa, mmoja alikuwa anaelekea likizo, mwingine anatoka likizo, na watatu waligundua papo hapo kwamba wana kikao. Mzee mlinzi wa zamani, aliyefuatwa hadi bandani kwake alikofugia bata, alisema "Nimezipokea" kwa furaha na hata kurudia, lakini yeye hakuwa mtumishi tena, na koo la Mama Halo likatekenya palepale mbele ya bata.

Akaanza nenda rudi. Njoo wiki ijayo, faili liko kwa bosi. Njoo mwisho wa mwezi, bosi yuko safarini. Lete picha ndogo. Hizi ni kubwa. Hizi ni ndogo mno. Aliandikiwa maelezo ya kuleta barua ya marehemu mwenzake wa zamu ikithibitisha kwamba hakuweza kupokea laini kwa sababu ya kufariki. Alipouliza ataipataje, aliambiwa aipitishe kwa mwajiri wa marehemu, yaani hapohapo. Wenzake waliostaafu siku moja naye walikwisha kupata mkupuo wao na mmoja alikwisha kuumaliza. Yeye alirudi nyumbani kila mara na kiatu kimoja kikiwa kimelegea zaidi.

Haya yote angeyamezea kama si binti yake. Binti huyo, mwanawe wa pekee, alikuwa ameolewa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na alikuwa mjamzito kwa mara ya kwanza baada ya kungoja sana. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amemwanzishia mama yake chumba. Kuta zilifika kimo cha dirisha, zikasimama, zikingoja mkupuo. Mpango ulikuwa umepangwa zamani: Mama Halo atastaafu, atapata kiinua mgongo, chumba kitaezekwa, atahamia, na mtoto akizaliwa yeye ndiye atakayemwogesha. Alikuwa amekwisha kushona vishuka. Hakuwa na ndoto nyingine, na hii aliiona ndogo kiasi cha kutoudhi mtu.

"Mama, wewe njoo tu," binti alimwambia kwenye simu ya mkononi. "Pesa zitakukuta huku. Hata tukibanana."

"Nakuja, mwanangu. Nitapanda ba—halo, makao makuu, nikuunganishe na nani?"

"Mama?"

"Idara ya Maji," sauti ya mwanamume ikasema kinywani mwa mamaye, na binti, aliyezoea, akakata simu ili isiishe salio.

Akafunga mzigo, akapanda basi la asubuhi. Hapakuwa na tatizo mpaka kwenye kibao cha kuwatakia wasafiri safari njema. Hapo koo likaanza kumvuta kwa nyuma, kama kitambaa kilichonaswa kwenye mlango. Basi likaenda mbele kidogo, na laini zote zikakaza kwa pamoja. Macho yakamtoka, na katika makao makuu simu zote zikafa mikononi mwa watu. Kondakta akamtazama abiria wake aliyekuwa akigugumia, akamwuliza, "Mama, wewe una waya?" Akaitikia kwa kichwa. Kondakta akagonga bodi, dereva akasimama, wakamshushia mzigo wake kwa adabu na kumrudishia nusu ya nauli. Alipokanyaga tena upande wa mjini, pumzi ikamrudia, na simu iliyokatika ikaendelea ilipoishia. Ilikuwa inahusu mapazia.

Majirani walizoea mapema kuliko yeye. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ndiye aliyegundua faida. Kila mtu mjini alijua kwamba ukipiga simu serikalini kutoka nje, italia mpaka ichoke. Simu ya ndani, hiyo hupokelewa, maana huenda ni bosi. Na simu zilizopita kinywani mwa Mama Halo zote zilikuwa za ndani. Fundi akaja na bili yake ya maji iliyokosewa, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mama, niunganishe na Maji." Ikapokelewa kwa "Ndiyo mkuu!" na bili ikarekebishwa. Kesho yake wakaja wawili, na baada ya hapo benchi likaletwa. Watu walipata vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, uhamisho wa walimu. Walimletea sukari na nyanya, wakamshukuru, wakaenda zao na shida zao zimeisha.

"Na wewe mama mafao yako si ujiunganishe umwambie bosi mwenyewe?" fundi cherehani alimwuliza siku moja.

"Opereta hajiunganishi," alijibu Mama Halo.

"Hata sasa?"

"Nikivunja mwiko nitakuwa nimevunja masharti ya kazi kabla ya kustaafu. Watanifukuza. Aliyefukuzwa hana mafao." Alikuwa amekwisha kuulizia hilo ghorofa ya pili, na karani alikuwa amempa kifungu.

Kuna siku alichoka mpaka akajifunga mdomo kwa kitambaa. Simu zikatokea masikioni, wasemaji wakawa hawasikilizani vizuri, na Mkurugenzi akalalamika kwamba laini ina upepo. Akakifungua kitambaa.

Mwiko wa kutosikiliza, huo ulimshinda kuutunza, maana utazibaje sikio usisikie ulimi wako mwenyewe? Ndipo akasikia, akiwa anaanika nguo, Mkurugenzi akisema upande wa kushoto, "Wakaguzi wanakuja kuuona mtambo mpya wa simu."

"Mtambo upi?" aliuliza Mhasibu Mkuu upande wa kulia.

"Ule tuliolipia."

"Ule tuliolipia haukuja, mkuu."

"Simu zinapita au hazipiti?"

"Zinapita."

"Basi mtambo upo," Mkurugenzi akasema.

Mama Halo akabaki ameshika shuka mbichi, linamchuruzikia miguuni. Akajua sasa kwa nini hakuna mtu aliyepatikana wa kusema lile neno moja. "Mmemaliza?" akauliza, na kama kawaida hakuna aliyemjibu.

Walikuja wenyewe nyumbani, Mkurugenzi akiwa na mtu wa stoo, na mtu wa stoo akiwa na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Mkurugenzi alikuwa mwanamume mfupi kuliko sauti yake. Akamwamkia kwa adabu, akakataa kiti, kisha akakubali.

"Mama yetu," akaanza, "ni utaratibu mdogo tu wa kuhakiki mali."

"Baba," Mama Halo akamkatiza, na hakuwahi kumkatiza mkurugenzi yeyote maishani mwake. "Wewe ni mtumishi. Ajira yako ni ya kudumu. Mimi nakwambia sasa hivi, mbele ya huyu: laini ni zako. Sema umezipokea. Neno moja tu. Leo leo napanda basi, mwanangu ana siku chache ajifungue."

Mkurugenzi akatazama dari, ambako mvua ilikuwa imechora ramani. Alionekana kulifikiria jambo hilo kwa uaminifu. "Mama, mimi si wa kada hiyo," akasema mwishowe. "Na tena nikizipokea mimi, nani atapiga?"

Mama Halo alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri, lakini koo likatekenya. Idara ya Barabara ilikuwa inataka Idara ya Misitu. Opereta anapounganisha hutulia, ndivyo alivyofundishwa kwa rula. Basi akatulia, mdomo wazi, na mtu wa stoo akaulaza mkono wa kushoto wa Mama Halo mezani, akaufuta vumbi kwa kiganja, akaandika kwa rangi nyeupe herufi za serikali ya jimbo na namba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alipuliza rangi ikauke. Idara ya Misitu ilipokata simu, gari la Mkurugenzi lilikuwa limekwisha kupinda kona.

Wakaguzi walikuwa wawili, mmoja wa kuangalia na mmoja wa kuandika. Mama Halo alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alivaa gauni la kanisani, la mikono mifupi ili wakaguzi waione namba, na waione aibu yake, na maneno yake aliyapanga: mimi ni mtu, mtambo mliolipia haukuja, nataka mafao yangu niende kwa mwanangu. Aliyarudia akifagia. Aliyarudia akioga.

Wakaguzi wakaingia, wakasalimu, wakasoma namba mkononi mwake na kuilinganisha na ya kwao. Mama Halo akafungua mdomo. "Mimi ni," akasema, na laini ya Mkurugenzi ikaingia kutoka ndani ya gari lililoegeshwa nje, ikakata nyingine zote.

"Halo wakaguzi," kinywa cha Mama Halo kikasema kwa sauti nzito. "Karibuni sana. Kama mnavyosikia, mtambo ni mzima."

"Tunakusikia vizuri mkuu," alisema mkaguzi wa kuangalia, akimwinamia Mama Halo kinywani. "Hauna mikwaruzo kabisa."

"Ni wa kisasa. Hautumii umeme."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Halo na kumdondokea kwenye gauni. Mkaguzi wa kuandika aliyaona, akayaandika. Taarifa ilisema mtambo upo, umefungwa sehemu salama, unafanya kazi vizuri isipokuwa unavuja kidogo, na ikashauri usiwekwe juani. Waliondoka wakimshukuru. Yule wa kuangalia alirudi kuchukua mwavuli wake, Mkurugenzi akiwa bado hajakata simu, akasema tena asante.

Kesho yake alipanda ghorofa ya pili. Alikuwa amekusudia kupiga kelele, kwa mara ya kwanza, azipige mpaka feni igeuke. Lakini karani wa mafao alipomwona alinyanyuka, akamwekea kiti chake mwenyewe, na Mama Halo akaona faili lake halipo mezani.

"Limehama, mama," karani akasema. "Limeletewa barua jana jioni. Limetoka kwenye utumishi, limekwenda kwenye mali."

"Na mafao yangu?"

"Mtambo haustaafu, mama." Karani alikuwa anaongea taratibu, macho chini, kama anayesoma kwenye meza. "Unachakaa. Kila mwaka thamani yake inapunguzwa kidogo kwenye vitabu. Ikiisha kabisa, unatangazwa mnada."

"Nikinunuliwa nitaweza kuondoka?"

Karani akalifikiria. Akatoa kitabu cha kanuni, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. "Hapa hawajasema," akajibu. Kisha akamwuliza kama ameshakunywa chai, na wakanywa chai, kila mmoja na kikombe chake. Mkataba wa karani ulikuwa unaisha mwezi ule na yeye pia alikuwa hajaambiwa kitu.

Uchungu ulimshika binti usiku wa kuamkia siku ya kazi. Mama Halo hakujua. Mchana alikuwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, sinia la maharagwe mapajani, na benchi la wenye shida lilikuwa limekwisha, amebaki fundi cherehani anayeshona upande wa pili wa ua. Koo likatekenya.

"Halo, makao makuu. Nikuunganishe na nani?"

"Hospitali ya wilaya hapa, wodi ya wazazi," ilisema sauti ya muuguzi, ya mtu anayesimama mguu mmoja kwa haraka. "Kuna mzazi ameomba simu ya wodi. Anasema anataka opereta."

Mama Halo akaacha kuchambua. Katika miaka yote, kwenye mtambo na nje ya mtambo, watu walitaka wahasibu, walitaka wakuu wa idara, walitaka madereva. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaka opereta. Akaipitia miiko yote ya yule bibi kichwani. Opereta hajiunganishi, sawa. Lakini mtu akimtaka opereta, opereta afanye nini? Bibi hakuacha neno juu ya hilo.

"Subiri kidogo," akasema. "Nakuunganisha."

"Mama," binti yake akasema ndani ya kinywa chake, upande wa kulia. "Mama, ni msichana. Mzima. Nimechoka lakini mzima. Nikawaza, hii ni simu ya serikali, itafika tu kwako. Sikiliza. Ngoja nikusogezee."

Pakawa na mkwaruzo wa shuka. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu zote, kilio kipya kisicho na adabu, kikatoka kinywani mwa bibi yake kikajaa ua mzima, kuku wakatawanyika, na fundi cherehani akasimamisha mguu juu ya cherehani. Mama Halo aliupanua mdomo kadiri taya zilivyoruhusu, asije akakibana. Sinia lilikuwa limempindukia miguuni na hakulitazama. Alingoja mtoto avute pumzi, na mtoto alipovuta pumzi, naye akavuta yake, amwambie neno, la kwanza, karibu mama, karibu mjukuu wangu.

Laini ya Mkurugenzi ikaingia, ikakata nyingine zote.

"Dereva," ilisema sauti nzito.

"Subiri kidogo," akasema Mama Halo. "Nakuunganisha."

Mkurugenzi alikuwa anatafuta miwani yake. Dereva alisema ngoja aangalie kwenye gari. Alikwenda kuangalia, akarudi, akasema hakuiona. Mkurugenzi akasema iangaliwe chini ya kiti cha nyuma. Ikaangaliwa. Wakajadili kama huenda ilisahaulika kwenye semina, ile ya juzi au ile ya kabla ya juzi, na dereva akaahidi kupita hotelini. Baadaye Mkurugenzi akasema basi, basi, imeonekana, ilikuwa kwenye paji la uso. Wakacheka wote wawili, kushoto na kulia.

"Mmemaliza?" akauliza Mama Halo.

Hakuna aliyejibu. Alisikiliza upande wa kulia. Wodi ilikuwa kimya, maana simu ya wodi ni ya wote na wazazi wengine walikuwa wanaingoja. Fundi cherehani alikuja kuokota maharagwe, akayarudisha kwenye sinia pamoja na mawe yake, akaliweka juu ya ngazi na kurudi kazini bila kuuliza kitu.

Nyuma ya ulimi, karibu na magego, kilikuwa kimesalia kipande kidogo cha kilio cha mtoto ambacho hakikuwahi kutoka. Opereta akimaliza simu humeza mate kusafisha laini. Mama Halo hakumeza. Alikaa nacho hivyo hivyo, mdomo wazi kidogo, mkono wenye namba ukiwa juu ya goti, mpaka saa ya kufunga ofisi.